Sura ya Sita: Nani Alitangulia Kufa

Mfuko ulikuwa wa plastiki nyeusi, wa aina ile ya kubebea sukari sokoni. Joyeuse aliuweka mezani kwa mikono miwili, akaufungua, halafu akarudi nyuma hatua moja. Ndani mlikuwa na vitu vya mwanawe Kitsa, aliyekufa akiwa na miaka sita kwenye barabara ya Mangina, yeye na baba yake, katika ajali moja.

“Ulisema nilete byote, Mama Inspecteur. Njo bile. Hata sijabifula, biko na udongo.”

Inspekta Kasonia aliguna. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mpelelezi wa polisi aliyetumwa kufanya kazi na parquet ya Butembo, yaani ofisi ya waendesha mashtaka. Alikuwa na mdomo mkali uliowafanya mawakili wengi wapendelee kumwandikia kuliko kumtembelea. Asubuhi hiyo mdomo ulikuwa mkali zaidi ya kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, viatu vyake vilikuwa vimejaa matope, na mkubwa wake alikuwa amepita mlangoni kumwambia kwamba dosye ile, faili la Joyeuse, ni ugomvi wa familia tu na ifungwe kabla ya Ijumaa. Kasonia hakupenda kuambiwa lini afunge kitu ambacho bado hajakifungua vizuri.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Vagheni, mnunuzi wa kakao, alijenga nyumba ya matofali pale Butembo akamweka Joyeuse ndani yake kama mke. Lakini mbuzi wa mahari hawakuisha kutolewa, na kwenye komini, ofisi ya serikali ya mji, hawakuwahi kwenda kuandikisha ndoa. Mambo yalikuwa yanasubiri msimu mzuri wa kakao, kama mambo mengi ya huku. Basi mbele ya sheria Joyeuse hakuwa mke wa mtu. Mtoto, kwa upande wake, alikuwa ameandikishwa na baba yake mapema, kwa jina la baba, bila shaka yoyote. Halafu Fuso iliyobeba kakao ikapinduka kilimani, baba na mwana wakaletwa Butembo katika gari moja, wakazikwa siku moja nyuma ya jiko la nyumba yao. Komini inakataza kuzika ndani ya kiwanja, na watu wanazika. Matanga hayajapoa vizuri, familia ya Vagheni ikakaa na kusema: hawa wamekufa pamoja, kwa hiyo mtoto hakumrithi baba, na nyumba ni ya ndugu. Lusenge, kaka mkubwa wa marehemu, alimpa Joyeuse mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana.

Joyeuse alikuja kushtaki kwamba Lusenge amenunua shahidi wa kusema hayo kwenye komini, ingawa hakuweza kueleza uongo wenyewe uko wapi.

“Unajua kitu tunatafuta?” Kasonia alimuuliza.

“Ukweli.”

“Ukweli ni mukubwa. Sheria inataka kakipande kamoja tu: nani alitangulia. Kama balikufa pamoja, ao kama hatujue, hakuna mwenye anarithi mwenzake. Bintu bya Vagheni binaenda kwa bandugu yake. Mais kama Kitsa alibakia na pumzi kisha papa yake kukufa, hata kidogo, parcelle na nyumba yake ilishakuwa ya Kitsa. Na ya Kitsa inarudia mama yake. Njo wewe.”

“Juu ya pumzi tu?”

“Juu ya pumzi tu.”

Joyeuse alitazama ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. “Mais bote banasema alikufa palepale. Hakuteswa. Ile njo inanisaidia nalala, Inspecteur. Mimi ile nyumba sitafute juu ya matofali. Bakiniondosha, bataondosha na kaburi. Nitaenda kumutembelea mutoto wangu wapi?”

Kasonia aliusogeza mfuko karibu. Akaanza kutoa vitu mfukoni kimoja kimoja. Sweta ya kijani iliyochanika kiwiko. Kiatu kimoja. Suruali fupi yenye udongo uliokauka. Chini kabisa kulikuwa na kitenge cha manjano chenye picha za ndege, kimekunjamana, kigumu kwa udongo.

“Hii ni yako?”

“Hapana. Balimuleta amefungiwa ndani yake. Nilizani ni ya morgue, kule banalalisha maiti.”

Kasonia alikitandaza mezani. Pembe mbili za juu zilikuwa zimefungwa pamoja kwa fundo, na fundo hilo lilikuwa limekazwa sana, la mtu aliyevuta kwa nguvu zake zote. Halikufunguliwa. Kitenge kilikuwa kimekatwa kando ya fundo kwa mkasi, mkato mmoja ulionyooka. Alikiinua, akajizungushia mgongoni, akaleta fundo kifuani. Lilikaa pale pale kati ya matiti yake, na nyuma kitambaa kilikuwa kimelegea na kutanuka, kama kinavyotanuka kikibeba uzito kwa muda mrefu.

“Inspecteur?” Joyeuse aliuliza.

“Nenda nyumbani, Mama Kitsa,” Kasonia alisema. “Hii itabaki kwangu.”

*

Lusenge alikuwa na duka la mabati na misumari karibu na soko. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti la kanisani hata siku ya kazi, na alipomwona polisi hakukimbilia kutabasamu. Kasonia aliliandika hilo kichwani kama alama mbaya. Tuseme ukweli, alikuwa amefika pale akiwa amekwisha kumtengeneza mwizi kichwani, na alichokuwa akitafuta ni mtu wa kumvika wizi huo.

“Papa Lusenge, ule témoin wako, ule shahidi, ulimutosha wapi?”

“Sikumutosha fasi. Alikuja mwenyewe ku matanga. Mama moja ya Mangina, jina yake Tamar. Alisema yee njo alikuwaka pale Fuso ilianguka.”

“Akasema nini?”

“Uliza Mama Kitsa! Yee njo alimushika mikono, akamuuliza mbele ya batu bote: mutoto wangu aliteswa? Na ule mama akajibu hapana, alienda saa ile moja pamoja na papa yake, hata hakulia. Mutu hakumusukuma. Hata pasteur alikuwa pale. Hata muke wangu.”

“Na wewe ukamupeleka ku komini.”

“Nilimupeleka arudilie ile alisema. Sikuongeza neno. Sikumupa hata soda.”

“Mulikuwa na haraka sana ya kuuzisha.”

Lusenge aliweka chini koleo alilokuwa ameshika. “Vagheni nililea mimi, Inspecteur. Papa yetu alikufa angali mudogo. Ile nyumba tulijenga na yee, na mikono yetu. Sasa bandugu biko batano na batoto yabo, na mbuzi za ule mwanamuke hazikuisha. Mimi nifanye nini, nivunje desturi juu yee anatia huruma?”

“Na makaburi?”

“Tutayahamisha.”

Alilisema hilo kwa sauti ndogo, akiangalia misumari. Kasonia alitamani kumchukia na hakuweza kumchukia kikamilifu. Alimuonyesha fundo la kitenge. Lusenge aliligeuzageuza mkononi, akasema hajawahi kuliona, na Kasonia akamwamini. Alitoka dukani bila mwizi wake, na mvua ilikuwa imeanza tena.

*

Kesho yake alipanda gari hadi Beni, akashuka Mulekera, akatafuta mwenye moto, yaani pikipiki, wa kumpeleka Mangina. Watatu walikataa waliposikia mahali. Wa nne alikubali, lakini alitaka kuondoka sasa hivi ili awe amerudi mchana. Kasonia hakumlaumu. Watu walikuwa wanauawa mashambani tena, na kila asubuhi mji ulikuwa unahesabu nani hajarudi.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi, mmoja mwenye usingizi machoni alitazama kitambulisho chake juu chini.

“Mama, unaenda kutafuta nini kule?”

“Mutu mwenye alikufa.”

“Bale biko bengi,” mwanajeshi alisema, akainua kamba. “Leka noki noki, pita mbio.”

Kabla ya kufika, mwenye moto alimwonyesha kilima. Alama za magurudumu zilikuwa bado zinaonekana pembeni mwa barabara, na chini kwenye majani mlikuwa na vipande vya vioo na magunia yaliyooza. Kasonia alishuka, akatembea. Kutoka pale alianza kuhesabu nyumba: hakuna. Kulikuwa na mto wenye daraja la miti, kisha kanisa dogo la mabati, na mbele zaidi, baada ya kupanda tena, ndipo poste de santé, zahanati ya kijiji. Kwa moto ilikuwa safari fupi. Kwa miguu, na mzigo, ilikuwa safari ya kukata pumzi.

Muuguzi wa poste aliitwa Phinées. Alikuwa kijana mwenye miwani na koti safi la uuguzi, na alijibu kama mtu aliyekwisha kuulizwa.

“Mutoto alifika amekufa. Papa pia alifika amekufa. Niliandika vile, bote balikufa fasi ya ajali.”

“Balifika pamoja?”

“Hapana. Mutoto alitangulia kufika. Papa alikuja nyuma, na camion ya basoda ba jeshi.”

“Mutoto alifika na nani?”

“Na mama moja. Alikuwa mugongo yake.”

“Alikuwa na joto?”

“Alikuwa na joto. Mais, Mama Inspecteur, mugongo ya mutu inapashaka joto. Mvua ilikuwa inanyesha, alimufunika. Ile joto haionyeshe kitu.”

Jibu lilikuwa zuri, na Kasonia alilichukia kwa uzuri wake. Wakili yeyote wa Lusenge angelitumia. Alifungua mkoba wake, akatoa kitenge cha manjano.

“Hapa njo ulikata?”

“Njo mimi. Fundo ilikuwa imeloana, haifunguke. Na ule mama hakutaka nimutoshe mutoto. Alikuwa anasimama tu katikati ya nyumba. Nikachukua mukasi.”

“Ulimuuliza mutoto alikufa wapi?”

“Kuuliza nini? Niliona mutu wa ajali, amekufa, nikajua alikufa ku ajali. Siku ile nilikuwa peke yangu, na banapiga masasi ya bunduki kule ngambo.”

Kasonia alivuta kiti, akakaa. Hakutaka kumwonea kijana yule. Alikuwa amefanya kazi ya watu wanne.

“Phinées, ulizaliwa wapi?”

“Hapa hapa.”

“Toka ulizaliwa, ulishaona mutu anabeba maiti mugongo?”

Nje mama mmoja alikuwa akipita na mtoto mchanga mgongoni, kitenge kimefungwa kifuani kwa fundo lile lile la wanawake wote wa Beni na Butembo, na wote wawili walimtazama mpaka akapotea.

“Hapana,” Phinées alisema. “Maiti ni mu mikono. Ao ku kipoyi, machela ya miti.”

“Na kama ni katoto?”

“Hata kama kalizaliwa jana. Mu mikono. Bamama bakiona mutu amefunga maiti mugongo, batasema anaita kifo mu tumbo yake.” Alivua miwani, akaifuta kwenye koti. “Alimufunga angali muzima. Kumbe alimufunga angali muzima, na mimi niliandika…”

“Uliandika ile ulizani. Ule mama anaikala wapi?”

Alikuwa amepata kitu, lakini hakikutosha, na Kasonia alikuwa mzee wa kazi kiasi cha kujua hivyo. Desturi ni desturi. Mtu aliyechanganyikiwa barabarani anaweza kuivunja. Na hata kama mtoto alikuwa hai, ilibaki kujua kama baba yake wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Mtu mmoja tu alikuwa na majibu yote mawili, yule Tamar ambaye Phinées alimtaja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kutia kidole kwenye karatasi ya komini akisema kinyume.

*

Tamar alikuwa ameinama juu ya turubai, akigeuza kakao ya mtu mwingine kwenye jua dogo lililojitokeza. Alikuwa amekimbia kutoka Eringeti na watoto wake wawili, akapewa chumba na kazi na mwenye shamba. Mwili wake ulikuwa mwembamba. Kasonia alijiuliza mgongo ule ulimbebaje mtoto wa miaka sita kupanda kilima.

Alimwonyesha kitenge bila salamu ndefu.

“Ni yangu,” Tamar alisema. “Baliikata.”

“Ulibeba nani ndani yake?”

“Nilishasema ku komini.”

“Nakuuliza mimi.”

“Ule mutoto na papa yake balienda saa ile moja. Njo vile nilisema. Njo vile iko.”

“Sawa.” Kasonia alitoa kalamu, akaandika polepole, akisoma kwa sauti. “Mimi, Tamar, nilichukua maiti ya mutoto kule ku kilima, nikaifunga mugongo yangu, nikatembea nayo mpaka ku poste. Utatia kidole hapa. Kisha chef wa kartié, mukubwa wa mutaa, ataisoma, ajue kama ni vile.”

Tamar alinyooka ghafla. Mkono wake ulikwenda tumboni bila yeye kujua.

“Usiandike vile.”

“Mais njo vile ulisema.”

“Usiandike vile! Sifanye kitu kama ile. Mimi niko na batoto.”

“Basi niandike nini?”

Upepo uliinua ukingo wa turubai, na Tamar akaukanyaga kwa mguu. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kushikilia mlango: “Papa alikuwa amekwisha. Mutoto hapana.”

Kasonia aliichana ile karatasi.

“Nitakuambia wewe, Mama. Mama yake hapana. Nilienda ku matanga juu ya kumuambia. Nilitoka hapa na maneno yote mu kinywa. Nikafika, akanishika mikono, akaniuliza kama mutoto aliteswa. Ungeona macho yake. Wewe ungesema nini?”

“Sijui.”

“Nikasema hakuteswa. Akalala pale pale, kichwa ku miguu yangu. Balisema hakuwa amelala toka siku tatu. Kisha ule Papa Lusenge akaniambia nirudilie ile maneno ku komini, na mimi sikuone namna ya kukatala. Nitageuza namna gani? Nitasema nilidanganya mama wa maiti?”

Hakuna aliyekuwa amenunua mtu. Kasonia alikuwa ametembea siku mbili katika matope kumtafuta mwongo, na mwongo mwenyewe alikuwa huyu hapa, aliyemhurumia mfiwa. Ilimuuma. Afadhali angekuwa Lusenge.

“Sikiliza mimi vizuri,” alisema. Akamweleza sheria kama alivyomweleza Joyeuse: pumzi, mtoto, nyumba, kaburi nyuma ya jiko. Alipomaliza, Tamar alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

“Donc ni mimi ninamufukuza.”

“Ni ile maneno.”

“Nilimupa ile maneno juu apate kulala.”

“Alilala. Sasa unapashwa kumuamusha.”

*

Utaratibu ni kwamba shahidi anayegeuza maneno hukutanishwa na pande zote mbili, katika chumba kimoja, na kila mmoja asikie. Kasonia alikuwa amesimamia makutano kama hayo mara nyingi na hakuwahi kuona ubaya wake mpaka siku hiyo. Lusenge alikuwa amekwisha kuingia. Tamar naye, ameketi kwenye benchi la ukutani, magoti yamebanwa. Joyeuse alifika wa mwisho, na Kasonia akamsimamisha kwenye korido, akafunga mlango nyuma yake.

“Mama Kitsa, unaweza kungojea hapa inje. Nitaandika ulikuwa na homa. Mwisho utaingia tu kutia signature.”

Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake kujitolea kuandika uongo. Joyeuse alimtazama usoni muda mrefu, na Kasonia akaona maana ya maneno yake ikimfikia, polepole, bila mtu kuitamka.

“Donc hakufa palepale,” Joyeuse alisema.

Kasonia aliendelea kushika kitasa cha mlango.

“Nikibaki inje, nyumba nitaipata?”

“Utaipata.”

“Na kaburi?”

“Na kaburi.”

Joyeuse aliegemea ukuta. Kasonia alimshika kiwiko. Wakili mmoja alipita na faili zake, akasalimu, hakuna aliyemwitikia.

“Nitaingia,” Joyeuse alisema.

Tamar alianza kusema akiangalia sakafu. Kasonia aliuliza maswali mafupi na kuandika majibu mafupi, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuyavumilia.

“Ulikuwa wapi Fuso ikianguka?”

“Nilikuwa natoka shamba. Nilisikia kishindo, nikakimbia.”

“Vagheni ulimukuta namna gani?”

“Chini ya magunia. Banaume babili balimuvuta, bakasikiliza kifua yake. Bakasema amekwisha. Bakamufunika na bâche, lile turubai ya Fuso. Mimi njo nilimufunga macho.”

“Ulimugusa mwenyewe?”

“Na hii mukono. Hakukuwa na pumzi. Hakukuwa na kitu.”

“Na mutoto alikuwa wapi ile saa?”

“Pembeni, mu majani. Macho wazi. Aliniuliza papa yangu iko wapi. Nikamuambia analala.”

Lusenge alivua kofia yake. Akaigeuzageuza mikononi.

“Juu ya nini haukungojea gari?”

“Gari gani, Mama? Ile siku kule balichinja batu. Moto tatu zilipita, hakuna yenye ilisimama. Bale banaume babili bakakimbia. Nikamufunga mugongo, nikaenda.”

“Alikufa fasi gani?”

“Tulivuka muto. Tulipita kanisa. Tukianza kupanda, kichwa yake ikakuwa muzito hapa.” Aligusa nyuma ya bega lake. “Nilitembea vile vile. Sikutaka kuangalia.”

Kasonia alisoma yote kwa sauti toka mwanzo, akamuuliza Lusenge kama ana la kupinga. Mtu mnene yule alikuwa analia waziwazi, bila kuficha uso. Alikuwa na haki ya kusema mengi: kwamba mwanamke huyu alidanganya mara moja na anaweza kudanganya tena, kwamba mahakama iamue. Kasonia alikuwa amejiandaa kwa yote hayo.

“Sina kitu,” Lusenge alisema. “Ndugu yangu alikuwa amefunikwa, na mutoto anamuuliza. Andika, Inspecteur. Nyumba ilikuwa ya mutoto. Mimi nitaongea na bandugu.” Akageuka kwa Joyeuse. “Mama Kitsa, hakuna mwenye atagusa ile kaburi.”

Joyeuse hakumsikia, au alimsikia na neno hilo halikuwa na uzito. Alitia sahihi mahali Kasonia alipomwonyesha. Dosye ilikuwa imekamilika, na bado ilikuwa Alhamisi. Swali la sheria lilikuwa limejibiwa: baba alitangulia, mtoto akafuata, mama akarithi. Kasonia alianza kukusanya karatasi zake.

“Alisema nini ingine?” Joyeuse aliuliza.

Tamar alimtazama Kasonia, akiomba msaada. “Ile haikuwa mu maswali.”

“Mimi njo nauliza.”

“Mama, wacha,” Tamar alisema.

“Alisema nini?”

“Alisema anasikia baridi. Nikamukaza na kitenge. Kisha akaanza kuita mama.” Tamar aligusa tena nyuma ya bega lake. “Hakukuwa ananiita mimi. Nilijua. Mais alikuwa anaita tu, anaita, na hakuna mwenye anaitika. Nikaitika. Nikasema niko hapa, mutoto wangu. Akanyamaza. Unisamehe. Nilikamata fasi yako.”

Kasonia alidhani Joyeuse ataanguka, au atampiga yule mwanamke, na kwa vyovyote asingemzuia. Joyeuse alisimama. Alizunguka meza, akapita mbele ya Lusenge bila kumwangalia, akaketi kwenye benchi la ukutani, karibu sana na Tamar, bega kwa bega.

“Haujaniambia njia yote,” alisema. “Umesema mulivuka muto. Mbele ya muto alikuwa anasema nini? Na pale ku kanisa? Niambie yote. Anza kule mu majani, na usiruke kitu.”

Kasonia alifunika kalamu yake. Alimgusa Lusenge begani, wakatoka pamoja, na alipokuwa akivuta mlango alisikia Tamar akianza upya.